Mama Amepumzika

Mimi ni mwoga, na nasema hivyo mapema msije mkadhani ni Wachina walionitisha. Naogopa mbwa, naogopa lifti, naogopa bahasha yenye nembo ya serikali hata ikiwa inanikumbusha tu kwenda kupima macho. Nimekaa Toongabbie miaka saba, na hadi leo mtu akigonga mlango bila kunipigia simu kwanza, nazima televisheni ndipo naenda kuchungulia. Kwa hiyo siku nilipoambiwa kazini kwamba Alhamisi nitampeleka mteja wangu hekaluni, niliogopa kabla sijajua hekalu lenyewe ni la nani.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Mteja huyu ni bibi wa Kichina, mzaliwa wa Vietnam, aliyekuja Australia kama mkimbizi akiwa na mtoto mgongoni, na sasa anakaa peke yake Fairfield kwenye nyumba yenye mlimau uani. Magoti yake yamekwisha lakini akili bado kali. Kiingereza chake ni cha kuokoteza na changu hakijafika mbali, kwa hiyo tunaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana na wakubwa wangu. Namwita Bibi, kwa Kiswahili hicho hicho, na ameshazoea. Kila mwezi binti yake humpeleka kwenye hekalu moja la zamani, upande wa mjini, kumwombea marehemu mumewe. Mwezi ule binti alikuwa ameteguka mguu, kazi ikaniangukia mimi.

Mama yangu, kule Muheza, alitulea kilokole. Kwake yeye sanamu ilikuwa na mwenyewe ndani, na ukiitazama sana mwenyewe anakutazama pia. Nikapanga kwamba nitamfikisha Bibi mlangoni, kisha nitasimama barabarani nikiimba pambio kimoyomoyo mpaka atoke. Mpango ulikuwa mzuri ila haukujua sheria za kazi. Mteja anayeweza kuanguka haachwi nje ya macho yako hata dakika moja.

Na juma lile sikuwa mzima. Mama alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, Tanga, siku ya nne, presha na figo. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimuuguza, akilala kwenye baraza ya nje kwa sababu wodi ya wanawake haimpokei mwanamume usiku. Mwezi Mei mama alikuwa ameniambia kwenye simu, "Njoo hata wiki moja nikuone." Nikamjibu kwamba ruhusa kazini haijatoka. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeomba ruhusa yoyote. Nilikuwa nimejiwekea Desemba kichwani, Desemba ndiyo watu huenda kwao, na sikutaka kupanga upya. Sasa ilikuwa Julai, na uongo ule ulikuwa umenikaa kooni.

Tulifika saa nne kasoro asubuhi. Baridi ya Julai ya Sydney haina mvua wala theluji, ina upepo tu unaoingia kwenye mikono ya koti. Hekalu lilikuwa dogo kuliko nilivyotegemea, limebanwa na nyumba za watu, paa la vigae vya kijani na mlango mwekundu uliobabuka rangi kwenye bawaba. Uani kulikuwa na tanuri la matofali, moshi ukitoka. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya ubani, si ubani wetu, mwingine mkavu unaokwaruza koo. Bibi alisukuma fremu yake ya kutembelea yenye magurudumu moja kwa moja hadi chumba cha kushoto, nami nyuma yake, macho chini, nikihesabu vigae.

"Huyu ni mkubwa wa mji," Bibi akaniambia, akionyesha kwa kidevu. "Kila mji una wake. Wazee wa zamani waliolima mboga hapa walimleta kwa meli. Mtu akifa, yeye anaandika. Mtu akiwa hai pia anaandika. Umefanya nini, umesema nini. Hakuna kinachompita."

Afisa mtendaji, nikajisemea, ila wa wafu. Nikainua macho kidogo. Alikuwa amekaa nyuma ya meza, uso mweusi kwa moshi wa miaka, ndevu ndefu, kofia yenye masikio mawili pembeni, na mkononi ameshika kibao kama mtu anayengoja zamu yake ya kusoma. Hilo ningelistahimili. Lakini kulia na kushoto kwake walisimama watumishi wawili, mmoja mweusi tii, mwingine mweupe, mrefu, kofia yake karibu inagusa dari, na ulimi umemtoka mdomoni mpaka kifuani. Bibi akasema hao ndio hutumwa kwenda kuchukua watu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekuonyesha posta ilipo.

Juu ya mlango tuliokwisha kuupita kulikuwa na ubao wa maandishi ya Kichina, umeelekezwa ndani, yaani unausoma ukiwa umeshaingia. Nikafanya kosa la kuuliza unasema nini.

"Unasema: na wewe umefika."

Nilitaka kucheka na kicheko hakikuja. Bibi akapiga magoti kwenye kimto, nikamshika mkono mpaka akatulia, kisha nikarudi hatua tatu, nyuma ya nguzo, mahali ambapo yule mwenye ulimi hawezi kuniona. Hapo ndipo simu ilipotetema mfukoni.

Kazini haturuhusiwi kutoa simu mbele ya mteja. Nikaitoa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, maana yake Tanga ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku, na hakuna ujumbe mwema unaoandikwa saa tisa usiku. Ulikuwa wa kaka.

*Mama amepumzika. Tutaongea asubuhi.*

Niliusoma, nikausoma tena. Mtu asiyezaliwa na lugha hii hataelewa kwa nini ukuta ulianza kutembea. Amepumzika ni mgonjwa aliyesumbuka usiku kucha, hatimaye maumivu yakapoa, kajilaza. Amepumzika ni pia jeneza, kanga mpya na watu wamekaa kwenye majamvi. Neno ni hilo hilo, herufi hizo hizo. Na kaka yangu ni mtu wa maneno ya pole. Baba alipofariki aliniambia kwamba "mzee ametutangulia kidogo", nikabaki nauliza ametutangulia wapi.

Nikampigia. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikaniambia kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena, akaniambia hivyo hivyo, bila kuchoka. Nikamwandikia kwenye WhatsApp: *Amepumzika vipi?* Tiki moja. Ningeweza kumpigia jirani yetu, mama mtu mzima, lakini kumpigia mtu mzima simu saa tisa usiku ni kumtangazia msiba, na mimi sikujua kama nina msiba wa kutangaza. Nikafungua status za ndugu mmoja mmoja. Siku hizi kwetu msiba huanzia huko, utaona picha ya mshumaa na maandishi meusi kabla hujapigiwa simu. Shangazi alikuwa ameweka keki. Binamu alikuwa ameweka mpira. Hakuna mshumaa. Lakini nao walikuwa wamelala.

Nikampigia rafiki yangu wa Blacktown. Ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, tunafanya kazi moja, na Kiswahili kwake ni kama nyumba ya pili.

"Allô, dada? Niko namuogesha mzee, sema haraka."

"Mtu akikuandikia 'mama amepumzika', wewe unaelewa nini?"

Nikasikia maji yanafungwa. "Oh, mon Dieu. Pole, dada. Pole sana. I finish at three, nakuja kwako straight."

"Subiri! Sijui kama amefariki. Ndicho ninachokuuliza."

"Aliandika amepumzika ao anapumzika?"

"Amepumzika."

"Kama ni anapumzika, ni usingizi tu. Kama ni amepumzika… Ile kambi, dada, tulikuwa tunasema hivyo kwa watu wenye wamekufa."

"Kwetu tunasema hata kwa mtu aliyelala mchana."

"Basi inaweza kuwa mchana," akasema, na kwa jinsi alivyosema nilijua haamini.

Nikakata. *Me* na *na*. Maisha ya mama yangu yalikuwa yamening'inia kwenye silabi moja, na aliyeiandika alikuwa amezima simu. Nikajikuta nalia, tena kwa sauti, mimi niliyepanga kuimba pambio barabarani. Nililia kwa hofu, si kwa huzuni. Huzuni ilikuwa bado haijapewa ruhusa.

Mtunza hekalu akanisikia. Alikuwa mzee mwembamba, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi, amekaa kwenye meza ndogo karibu na mlango akikunja karatasi. Akaja kwa miguu isiyo na sauti, nikaruka nikidhani ni mmoja wa wale wawili.

"Nini?" akauliza.

"Mama yangu. Yuko hospitali. Afrika."

"Sasa yuko vipi?"

Nikatafuta Kiingereza. Kichwani mlikuwa na neno moja tu, na nikalitoa kama lilivyo, nikalitafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno: nikamwambia amepumzika.

Mzee akavua kofia. Katika baridi ile, upara wake ukiwa wazi, akaniinamia. Niliona ni mtu mwenye adabu. Laiti ningejiuliza kwa nini amevua kofia, ningejiokolea mambo mengi.

Akanipeleka mezani, akachomoa karatasi ya njano kutoka kwenye rundo, akanipa kalamu. "Jina la mama," akasema. Kwetu mama haitwi kwa jina. Huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mimi binafsi jina lake kamili nimeliandika kwenye fomu za viza tu. Nikaliandika polepole, la ubatizo na la babu. "Anakaa wapi?" Nikaandika Muheza, Tanga, Tanzania, na kwa mazoea ya fomu nikaongeza sanduku la posta. Na niwaambie ukweli, nilianza kutulia. Fomu naijua. Kuna mistari, unajaza, mtu anapokea. Nilidhani naandikisha mgonjwa ili aombewe, kama kanisani unavyopeleka jina kwa mzee wa kanisa. Kwa ajili ya mama, dhambi hiyo ningeiungama kwa Mungu baadaye.

Mzee akachukua muhuri mkubwa wa mraba, akaukandamiza kwenye wino mwekundu, akaugonga juu ya jina la mama. Hapo roho ikaniruka. Sisi tumelelewa na muhuri. Nchi yetu karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu, utafungia maandazi, lakini ikishagongwa muhuri mambo yamekwisha, hata mtendaji mwenyewe hawezi kuyarudisha. Nilitaka kumuuliza amenithibitishia nini. Lakini alikuwa ameshaitia kwenye kikapu pamoja na nyingine, akatoka uani.

Bibi alikuwa amemaliza. Nikamwinua, nikamfuta magoti. Akanitazama usoni.

"Umelia. Umeandika?"

"Nimeandika jina la mama yangu. Anaumwa."

"Vizuri. Nyekundu."

"Ya njano."

Mkono wake ukanikaza. Sikujua kwamba mikono ile ina nguvu hiyo. "Mama yako amekufa lini?"

"Hajafa!" Kisha nikasema, "Sijui."

"Nyekundu ni ya walio hai," akasema Bibi, polepole, akinitazama kama nimemwaga kitu kisichozoleka. "Njano ni ya kumwambia huyu: mtu wangu amekuja kwako, mpokee. Ikichomwa, amesoma."

Siamini. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa siamini wakati ule na siamini leo. Lakini niliacha mteja wangu mwenye magoti mabovu amesimama katikati ya chumba, kosa la kufukuzisha mtu kazi, nikakimbia kupita chini ya ule ubao hadi uani. Mzee alikuwa mbele ya tanuri na koleo lake, anazitia moja moja, kwa heshima, bila haraka. Niliuona mwandiko wangu. Karatasi ilikuwa inaingia, pembe ya chini imeshashika moto, na mimi nikatia mkono.

Mzee akapiga kelele kwa Kichina. Nami nilipiga kelele, sijui kwa lugha gani. Nilipoutoa mkono ulikuwa na karatasi, nikaikanyagakanyaga kwenye saruji mpaka ikazimika, kisha nikapiga magoti nikaitazama. Jina la mama lilikuwa zima, na muhuri juu yake. Iliyoungua ilikuwa sehemu ya chini. Muheza ilikuwa imekwenda, na Tanga, na Tanzania, na sanduku la posta.

Bibi akafika na fremu yake, akihema. Akainama akaichunguza.

"Jina limebaki," nikasema. "Hajapata jina."

"Ndiyo. Amepata anwani tu."

Nilimwangalia nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Basi nikaona mbele yangu yule mrefu mwenye ulimi anashuka stendi ya Muheza, anwani mkononi, hana jina, anaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Mji mzima nimeuweka hatarini, walimu wangu, wauza machungwa, watoto wa shule. Niliogopa pale uani kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na niliogopa zaidi kwa sababu sehemu yangu moja ilikuwa imekubali wamchukue mtu mwingine, yeyote, almradi si yeye.

Mtunza hekalu alipoelezwa na Bibi, alivaa tena kofia yake, akaingia ndani, akatoka na karatasi nyekundu. Akanipa kwa mikono miwili. Sikuweza kuishika. Kama mama alikuwa ameshafariki, ningekuwa namdanganya mwandishi ambaye Bibi amesema hakuna kinachompita, na nilikuwa na uongo mmoja wa mwezi Mei ambao bila shaka alikuwa nao tayari. Nyekundu ilikuwa uongo, njano ilikuwa kifo. Nikatikisa kichwa. Nikaomba bomba la maji, nikauweka mkono chini yake dakika ishirini kama tulivyofundishwa, na ile karatasi iliyoungua nikaitia kwenye pochi.

Kwenye fomu ya ajali kazini niliandika kwamba niliungua nikimsaidia mteja. Uongo wa pili, nao uko kwenye karatasi yenye muhuri.

Tulirudi Fairfield. Nilimpikia Bibi uji wake wa mchele, nikamkunjia nguo, nikafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Kila dakika mbili nilitazama tiki. Moja. Saa tano na nusu, moja. Saa sita, moja. Nilijaribu kuomba na kila sala ilikwama kwenye neno lile lile, maana hata kwa Mungu sikujua niombe apone au niombe apokelewe. Nikaanza kumkumbuka mama kama anavyokumbukwa mtu aliyekufa, jinsi alivyokuwa akifunga kanga, jinsi alivyokuwa akipiga chafya mara tatu, halafu nikajikaripia, nikairudisha sentensi kwenye wakati uliopo: anavyofunga, anavyopiga. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani akinitazama. Hakuniambia nikae wala ninyamaze. Alimenya chungwa, akaliweka mbele yangu, likakauka pale.

Saa saba na dakika tano kaka akapiga.

"Vipi, mdogo wangu? Nafungua simu naona missed calls ishirini na saba. Chaji iliisha. Kuna usalama?"

"Mama," nikasema.

"Mama amepumzika. Si nilikuandikia?"

Nililishikilia sinki. Alikuwa amelirudia. Lile lile, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nyuma yake nilisikia mtu anafagia na mwingine anakohoa.

"Kaka. Amepumzika vipi?"

"Kupumzika! Alihangaika sana usiku, nesi akaja kamchoma sindano, akatoka akaniambia mama amepumzika, nikasema ngoja nikujulishe na wewe usiwe na wasiwasi."

"Anapumua?"

Akaja juu. "We mtoto, hebu acha hizo. Unamtabiria mama kifo? Amekunywa chai saa hizi, anauliza mbona haina sukari."

Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni kwa mteja. Nilimtukana kaka yangu mkubwa, jambo ambalo sijawahi kufanya na sitarudia. Nilimwambia kuanzia siku hiyo ni marufuku. Ni marufuku kupumzika, ni marufuku kutangulia, ni marufuku kututoka wala kulala. Mtu akilala, andika analala usingizi. Mtu akifa, andika amefariki. Asinifiche kitu ndani ya neno zuri. Alinisikiliza hadi mwisho, mtu mkubwa mwenye wajukuu, akasema, "Sawa. Nimekuelewa."

Bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Alikunja mikono kifuani akaangalia dari, kisha akanisogezea lile chungwa.

Niliomba ruhusa jioni ile ile. Ilitoka ndani ya siku mbili. Zingetosha mwezi Mei.

Agosti nilikuwa Muheza, nimekaa kwenye mkeka miguuni pa mama, ambaye alikuwa amerudi nyumbani amepungua mwili lakini si ulimi. Sikupanga kumweleza. Aliuona mkono, kovu jekundu kutoka kidole gumba hadi mahali pa kuvalia saa, akauliza, na mimi kwa mama sijui kunyamaza. Nilimweleza yote, mtendaji wa wafu, mwenye ulimi, muhuri. Nikamtolea na karatasi. Nilitegemea anikemee, aite wenzake wa maombi. Aliishika mbali na macho yake, akasoma jina lake lote, kwa sauti, kama anayeitwa shuleni.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Kwa hiyo umeniandikisha kwa Wachina."

"Nilikutoa, mama."

"Ulinitoa nusu." Akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamuuliza, kwa sababu lilikuwa linanisumbua, ni nani aliyefariki pale mtaani juma lile la Julai. "Muheza watu hufariki kila juma," akasema, "na hawakungoja karatasi yako." Kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka. "Ulisema ruhusa haijatoka. Nilijua hujaomba. Nilinyamaza usije ukaona aibu, ukaacha kabisa kuja."

Nilikaa naye wiki tatu. Nililala kitanda kimoja naye na kila nilipoamka nilisikiliza pumzi. Nilirudi Sydney mwanzoni mwa Septemba, nikiwa bado naogopa, ila hofu yenye afya, ya mtu aliyemwona mama kwa macho yake.

Ujumbe ulikuja Novemba, asubuhi, nikiwa kwenye jukwaa la stesheni ya Toongabbie na kikombe cha chai mkononi, watu wa kazi wamesimama kila mmoja mahali pake. Simu ilitetema mara moja.

*Mama amefariki saa sita usiku. Nakupigia sasa hivi.*

Niliusoma mara moja tu. Hapakuwa na mtu wa kumpigia kumuuliza maana yake, hapakuwa na *me* wala *na*, hapakuwa na pembe ya kushika. Kaka alikuwa amefanya kama nilivyomwagiza, na nilimchukia kwa kunitii. Treni iliingia, milango ikafunguka, watu wakanipita. Simu ilikuwa inaita mkononi na jina lake liko juu, nami sikuipokea. Nilikuwa nikilitamani lile neno la zamani. Ningepanda nalo treni, nikae nalo dirishani hadi Pendle Hill tu, kituo kimoja, mama akiwa amelala.